Osiloskopu ya Mjomba: Kutu, Umeme na Ukweli Uliochelewa



Katika majumba yetu ya mwambao hakukosi chumba kimoja, aghalabu chini ya ngazi, ambamo huhifadhiwa vitu vya waliotangulia. Humo mna cherehani ya nyanya iliyokatika mkanda, mna kandili isiyo na kioo, mna kasha la vyombo vya kazi ambalo mwenyewe yuko kaburini na hakuna aliyethubutu kuligawa. Leo tumekusudia kukuelezeni habari ya chombo kimoja kilichotoka katika chumba cha namna hiyo. Chombo chenyewe ni cha kifundi, na huenda wengi wenu hamjapata kukiona. Lakini habari yake ni ya nyumbani, nasi tumo ndani yake kwa namna ambayo hatukupenda kuisimulia kwa muda wa miaka zaidi ya 40.

Siku ya kuhama

Mkaza mjomba wetu, ambaye umri wake umepindukia miaka 80, alikuwa akihama Mji wa Kale, Mombasa. Magoti yake hayakuweza tena kupanda zile ngazi za mbao, na binti yake alikuwa amemtayarishia chumba cha chini nyumbani kwake Kisauni. Tulikusanyika wanawe, wajukuu na sisi wapwa kusaidia kufunga mizigo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kufika na mkokoteni wake na mizani yake, akawa anapima kimoja kimoja: vyuma vya kitanda, sufuria zilizotoboka, feni iliyokufa.

Mwisho likatolewa sanduku zito la bati, urefu wake kiasi cha dhiraa moja, lililoliwa na kutu hata rangi yake ya asili haikujulikana. Kibandiko cha aliyelitengeneza kilikuwa kimekwisha kabisa. Yalibaki maneno mawili tu ya kuonyesha kuwa lilitoka Uingereza. Mbele lilikuwa na kioo cha mviringo, kikubwa kama kisahani cha kikombe, na vifundo vingi vya kuzungusha. Mnunuzi alilinyanyua upande mmoja, akataja bei kwa kilo. Tukamwambia, "Chukua."

Hapo mjukuu mmoja, binti wa miaka 19 asomaye ufundi wa umeme, aliliweka chini kasha la vikombe alilokuwa amelibeba.

"Ami," akatuambia, "hiyo ni osiloskopu ya Babu. Ni ya valvu. Msiiuze."

Tulimjibu kwa ukali asioustahili. Tulimwambia kuwa ni kutu tupu, kwamba haina faida kwa mtu, na kwamba nyumba anayohamia nyanya yake haina nafasi. Yote hayo yalikuwa na ukweli wake, wala hakuna hata moja lililokuwa ndiyo sababu yetu.

Mkaza mjomba alikuwa amekaa kitini karibu na mlango. Akauliza ni nini kinachogombewa. Alipoonyeshwa, alilitazama sanduku lile kitambo, kisha akasema, "Hicho kisiuzwe. Na pia kisiingie nyumba ninayolala." Basi likaja kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ina banda uani.

Chombo kinachochora umeme

Kwa msomaji asiyeijua, osiloskopu ni chombo cha kuuona umeme. Umeme unaoingia majumbani mwetu hapa Kenya huenda na kurudi, ukakamilisha mizunguko 50 kwa kila sekunde, na ule uliomo ndani ya redio hubadilika maelfu kwa maelfu ya mara. Mita ya kawaida itamwambia fundi kiasi chake, lakini haitamwonyesha sura yake. Osiloskopu huyachukua mabadiliko hayo ikayachora kwa nukta ya mwanga juu ya kioo, mfano wa kalamu iandikayo kutoka kushoto kwenda kulia, ikifika mwisho ikarudi kuanza upya. Fundi huliona wimbi lilivyo: limetulia, limekatwa kichwa, au limechafuka. Hapo huujua ugonjwa uliko.

Msingi wa chombo hiki uliwekwa mwaka 1897 na mwanafizikia wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, katika mji wa Strasbourg. Alitengeneza mrija wa kioo uliotolewa hewa, ambamo chembe za umeme hurushwa kutoka upande mmoja hadi zikagonga upande wa pili uliopakwa dawa inayong'aa ikigongwa. Ukizivuta chembe hizo juu na chini, nukta ya mwanga huzifuata. Mwaka 1909 Braun alishirikiana na Guglielmo Marconi katika Tuzo ya Nobel ya fizikia, kwa kazi yao ya mawasiliano yasiyo na waya. Kutokana na mrija huo zilipatikana televisheni zote zile nene zilizojaa katika kumbi zetu kabla ya hizi nyembamba za leo, na vioo vya rada vya Vita Vikuu vya Pili.

Baada ya vita, kampuni ya Tektronix iliasisiwa mwaka 1946 mjini Portland, Marekani, na osiloskopu yake ya kwanza, iliyoitwa 511, ikatoka mwaka 1947. Ilisifika kwa kuwa ililingoja wimbi lifike mahali pale pale kabla ya kuanza kuchora, hata picha ikatulia mbele ya macho ya fundi. Tena mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven katika jimbo la New York, mwanafizikia William Higinbotham aliwatengenezea wageni mchezo wa tenisi uliochezwa juu ya kioo cha osiloskopu. Michezo ya video wanayoshinda nayo watoto wetu, huyo ni mmoja wa babu zake.

Ama valvu, ni chupa ndogo ya kioo isiyo na hewa, ndani yake mna waya unaopashwa moto ili utoe chembe za umeme. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, nazo zikafanya kazi zote za redio mpaka zilipoondolewa na transista, iliyovumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947. Wazee wetu wanaikumbuka redio iliyowashwa kisha ikangojwa ipate moto kabla ya kusema. Hiyo ndiyo redio ya valvu.

Valvu hutaka volti nyingi, na mrija wa kioo hutaka nyingi zaidi. Katika osiloskopu ndogo ya fundi wa redio si ajabu kukuta volti 1,000 na zaidi. Aidha, ndani yake mna kapasita, ambazo huweka umeme akiba, kama birika la msikitini linavyoweka maji. Ukiuchomoa waya ukutani, umekata maji ya bomba, lakini birika bado limejaa.

Jambo hili la birika hatukulijua tulipokuwa wadogo.

Alasiri moja ya mwaka 1981

Mjomba wetu alikuwa fundi wa redio, na karakana yake ilikuwa chini ya nyumba ile ile. Osiloskopu aliinunua ikiwa imekwisha tumika, akailipa kidogo kidogo. Sisi tulikuwa mwanafunzi wa madrasa wa miaka 13, na kila tulipotoka chuoni tulipita kumtazama akifanya kazi. Tulishika majina ya vyombo vyake, tukajiona wajuzi.

Siku hiyo alikuwa ameifungua kasha lake akitafuta hitilafu. Alasiri ilipoadhiniwa, aliuchomoa waya ukutani, akatukataza kugusa kitu, sisi na mwanawe aliyekuwa na miaka 9, akaenda kuswali. Mtoto yule aliona kitu kinachong'aa ndani, akatamani kukishika. Akatuuliza kama mna umeme. Tukamwonyesha waya uliokuwa sakafuni, tukamwambia, "Imechomolewa. Haina kitu."

Umeme uliokuwamo haukutosha kumuua, alhamdulillahi. Lakini ulimshtua, akauvuta mkono wake kwa nguvu, nao ukapita katika ukingo wa bati uliokuwa mkali kama wembe. Kano za vidole viwili zikakatika. Walimshona hospitalini, lakini kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia havikunji hadi leo.

Mjomba aliuliza mara moja tu jinsi ilivyotokea. Mtoto alisema amegusa mwenyewe. Sisi tulinyamaza. Baada ya siku chache mjomba aliifunga osiloskopu, akaitia chini ya ngazi, wala hakuitumia tena. Redio aliendelea kuzitengeneza kwa mita na kwa sikio mpaka alipostaafu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tangu hapo tumesoma, tukasomesha, tukazungumza mbele za watu juu ya amana na juu ya kusema kweli. Kila mara tulipofika mlango huo tulijua kuna sanduku chini ya ngazi. Ndiyo maana tulimwambia mnunuzi achukue.

Ruhusa na masharti

Binti yule wa miaka 19 ndiye mwana wa mtoto yule aliyeumia. Alipoomba kuifufua osiloskopu, baba yake alikuja kwetu kuzungumza. "Kaka," akatuambia, "mimi sina ugomvi na chombo. Hofu yangu ni juu ya mtoto." Mwisho aliridhia kwa masharti matatu: asiiguse akiwa peke yake, asimamiwe na fundi mmoja mzee wa mtaani aliyemjua marehemu, na banda lifungwe kwa kufuli ili watoto wadogo wasiingie. Sisi tulipewa kazi ya kutunza ufunguo.

Basi kila Jumamosi walikutana bandani, na sisi tukakaa pembeni kwenye kigoda.

Sharti la kwanza la fundi mzee lilikuwa kutoichomeka kabisa. Alieleza kuwa chombo cha valvu kilicholala miaka mingi, kikitiwa umeme ghafla, kapasita zake mbovu hupitisha umeme mahali pasipofaa, transfoma ikaungua kwa dakika chache. Na transfoma ya chombo kama hicho haipatikani dukani. Sharti la pili lilikuwa kuigusisha kila kapasita kwa waya wenye rezista uliofungwa kwenye bati la chini, ili umeme wowote uliobaki ushuke polepole, ingawa ilikwisha kaa zaidi ya miaka 40. "Mkono ufanye kwa mazoea," akasema, "si kwa kukumbuka." Na la tatu, mkono mmoja ufanye kazi na wa pili ukae nyuma ya mgongo, kwani umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule hupita kifuani.

Kutu na ukwaju

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Chuma kilichopata chumvi hakikauki barabara hata wakati wa kaskazi. Kutu hiyo ilikuwa imeshika kasha la nje, misumari ya parafujo, na vyuma vya transfoma. Parafujo zilitiwa mafuta zikaachwa usiku kucha, na hata hivyo nne zilivunjika. Kasha lilisuguliwa kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa mkali na baadaye laini, likapakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kijivu. Vyuma vidogo vidogo viliroweshwa katika siki mpaka kutu ikalegea, vikasuuzwa, vikakaushwa juani siku ile ile na kupakwa mafuta, maana chuma kilichotoka katika siki kikiachwa na maji hushika kutu mpya kabla ya magharibi.

Ahali yetu, alipoziona ncha za shaba zimekuwa nyeusi, alileta ukwaju, ule ule tunaosugulia sinia. Ziling'aa. Binti alikubali kwa sharti kwamba ukwaju ufanye kazi nje tu: ndani hakuingii asidi, hakuingii maji. Ndani ilitumika brashi laini ya kupakia rangi, na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Humo zilitoka maganda ya mayai ya mjusi na mende wakavu wa miaka mingi.

Kisha ikaja kazi ndefu. Kabla ya kukiondoa kitu chochote, binti alikichora katika daftari: kimeunganishwa wapi, rangi gani ya waya, kinaelekea upande gani. Aliondoa kimoja akaweka kimoja, hakuondoa viwili. Kapasita za karatasi na nta, ambazo huvuta unyevu na kuanza kuvujisha umeme, zote zilibadilishwa. Kapasita kubwa za akiba zilikuwa zimekauka ndani, nazo zikabadilishwa. Rezista zilipimwa moja moja. Zile za zamani za kaboni hupanda kadiri ya umri, na baadhi zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya nusu ya kiasi kilichoandikwa. Waya zilizovikwa mpira zilikuwa zikimeguka kama biskuti. Valvu zilisafishwa miguu yake tu, kwa sababu maandishi ya juu ya kioo hufutika kwa kidole, na namba ikipotea fundi hajui atafute nini.

Hatukuwa na haja ya kuambiwa kuwa ukiona vyaelea vyaundwa. Tuliona Jumamosi nzima ikiishia katika vipande vitatu.

Kijiti

Jumamosi moja, alipokuwa akisafisha upande wa ndani wa kifuniko, binti alikuta kijiti cha mbao kimefungwa kwa uzi. Ncha yake ilikuwa na kipande cha shaba, na katika shaba hiyo umelehemiwa waya wenye rezista na kibanio mwishoni. Kilikuwa ni kile kile chombo cha kuteremsha umeme alichokuwa akikitumia yeye, ila hiki kilitengenezwa kwa mkono. Pembeni yake, kwa penseli, babu yake alikuwa ameandika: Gusa kwanza.

Fundi mzee alikigeuza geuza mwangani. "Hiki hakijatumika hata mara moja," akasema. "Ncha yake haina alama."

Hapo tulifahamu. Mjomba alikitengeneza baada ya mwanawe kuumia, akakitia ndani ya chombo alichokwisha azimia kutokitumia tena. Alikuwa amejihukumu mwenyewe. Na ushahidi ambao ungemwondolea sehemu ya hukumu hiyo tulikuwa nao sisi.

Tulikwenda Kisauni siku ya pili, masalkheri, tukakichukua kijiti. Mtoto wa mjomba alikuwapo kwa mama yake. Tuliwaeleza wote wawili mambo yalivyokuwa: kwamba mtoto aliuliza, na kwamba sisi ndio tuliomwambia haina kitu.

Binamu yetu hakushangaa. "Nakumbuka," akasema. "Nilimwambia Baba nimegusa mwenyewe. Niliogopa ukikatazwa kuja karakanani, nitacheza na nani?"

Mkaza mjomba alikishika kijiti kwa muda mrefu bila ya kusema. Kisha akatuambia, "Mjomba wenu kila akiutazama mkono huu alikuwa akisema, 'Ningaliugusa kwanza kabla sijakwenda kuswali.' Amekufa na neno hilo. Nyinyi wawili mlikuwa na lakusema, mkamwacha abebe peke yake."

Hatukuwa na jawabu. Tuliomba radhi, na wao wawili walituridhia; wa tatu hayupo wa kuombwa. Mtu anaweza kuambiwa kwamba alikuwa mtoto wa miaka 13, na ni kweli. Lakini tulikuwa watu wazima alipokuwa hai. Tulikuwa tukimtembelea kila Idi, tukinywa kahawa naye, na mlango ulikuwa wazi.

Tulipoaga, mkaza mjomba alituita tena. "Mwanangu," akasema, "siku mtakayoiwasha, nije nichukuliwe."

Siku ya kuiwasha

Osiloskopu haikuunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Fundi mzee aliweka katikati ya njia balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka. Ikiwa ndani ya chombo mna hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu na kuyachukua madhara. Kama mambo ni sawa, huwaka kidogo kisha ikafifia.

Mara ya kwanza iliwaka kwa nguvu. Wakazima upesi, wakatafuta saa mbili, wakaiona kapasita moja ya karatasi iliyojificha nyuma ya transfoma, ambayo haikuwa katika daftari. Binti alilia kidogo kwa aibu. Fundi mzee alimwambia kwamba balbu imekuwapo kwa ajili ya siku kama hiyo, akamtuma akanunue nyingine.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kumchukua mkaza mjomba. Alikaa mlangoni mwa banda, mbali, na bui bui lake limekunjwa magotini. Balbu iliwaka ikafifia. Valvu zikaanza kuona haya moja moja, wekundu mdogo ndani ya kila kioo, na harufu ya vumbi lenye moto ikatujaa. Katika kioo cha mbele hakukuwa na kitu. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Binti akazungusha kifundo kimoja polepole, na katikati ya kioo ikatokea nukta ya kijani.

"Punguza!" fundi mzee akasema, kwani nukta kali ikikaa mahali pamoja huichoma dawa ya kioo. Akapunguza, akageuza swichi, na nukta ikawa mstari. Kisha wakaunganisha redio ndogo, na mstari ukaanza kupanda na kushuka kwa sauti ya msomaji wa habari.

Haikuwa kamili. Upande wa kulia mstari umefifia na umepinda kidogo. Ukitaka kutazama mawimbi ya kasi, picha haitulii, kwa sababu valvu moja imechoka na badala yake haijapatikana. Fundi mzee alisema inafaa kwa redio, haifai kwa zaidi ya hapo.

Binamu yetu aliinuka, akakishika kifundo kwa mkono wake wa kulia, vile vidole viwili vimenyooka pembeni, akauinua mstari na kuushusha mara kadhaa. Mama yake alisogeza kiti karibu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Alikuwa akiniita nishuke niione. Kila siku nilimwambia nina chungu motoni."

Kwa wenye vyombo kama hivi majumbani

Tumeonelea tusimalize bila ya kutaja yale tuliyojifunza, kwa kuwa wanaopanga na kusafisha stoo zetu, na wanaobaki na watoto nyumbani, aghalabu ni akina mama.

Kwanza, chombo kilichochomolewa si lazima kiwe hakina umeme. Televisheni nene za zamani, redio za valvu na oveni za maikrowevu huweka umeme ndani yake. Kapasita ya oveni ya maikrowevu inaweza kuua mtu hata baada ya waya kutolewa ukutani. Mtoto asiachwe kuvifungua kwa kuchezea, na mtu mzima asiyejua asijaribu.

Pili, chombo cha zamani kilichokaa miaka msikichomeke "kuona tu kama kinafanya kazi." Mwiteni fundi ajuaye.

Tatu, kioo cha televisheni nene au cha osiloskopu hakina hewa ndani. Kikigongwa hupasuka kwa kishindo na vipande vyake huruka. Wanaokivunja uani ili watoe shaba huhatarisha macho yao na ya watoto.

Nne, waya wa kulehemia wa zamani una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto na kwa mama mjamzito. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa, mikono ioshwe kabla ya kula, na isifanyike juu ya meza ya chakula.

Tano, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, ulizeni. Huenda katika nyumba mna kijana anayetamani kujifunza kwa chombo hicho, naye huenda akawa msichana. Binti wetu aliyashika yote kwa utulivu kuliko sisi tuliokuwa tukitetemeka kwenye kigoda.

Osiloskopu ingali bandani kwetu chini ya kufuli. Mkaza mjomba hajabadili neno lake: nyumba anayolala haiingii. Kile kijiti kimetolewa ndani ya kifuniko na sasa kinaning'inia nje, mbele ya macho, na ncha yake imeanza kupata alama. Watoto wadogo wanapokuja na kuuliza ni cha nini, binti huwaeleza habari ya birika. Na wakituuliza sisi, huwaeleza na ile habari nyingine.